Duara la maili 100 na mahamri ya mama

Nimerudi Amu, mji wa Lamu, mwezi wa Julai baada ya miaka 11 Hamburg, Ujerumani, na azma moja: mwezi mzima nisile ila kilicholimwa au kuvuliwa kwetu, tena cha msimu wake. Huko nilikotoka jambo hili ni fahari. Mwaka 2005, Vancouver nchini Kanada, watu wawili walianza kula mwaka mzima vitu vya ndani ya maili 100 tu. Nami nikachora duara langu, kilomita 160 kutoka hapa. Likazoa mengi: mpunga wa delta ya Tana, mahindi ya Mpeketoni, chumvi ya Gongoni, hata Malindi na maembe yake. Nikaona kazi imekwisha.

Asubuhi yake mama akatenga mahamri na mbaazi za nazi. "Ndoo ule, yanapoa." Mimi nahesabu. Nazi, sawa. Mbaazi, sawa. Unga wa ngano, nje. Iliki, nje. Majani ya chai ya Kericho, nje kabisa. Sukari hata sikuuliza.

Nilipomweleza alicheka akashika mbavu. Mji huu, akasema, umekula kwa majahazi tangu bibi yake hajazaliwa, tende za Arabuni na mchele wa Bara Hindi. "Sasa jahazi likileta, lirudishwe?"

Jibu sina. Ila mchele ulinikera. Nilizunguka maduka matatu nikitafuta wa Tana, hapo Garsen tu. Yote yana wa Pakistani. Mwenye duka la nne alinitazama kama mtalii.

Lakini kwa msimu, mama ndiye mwalimu. Wajerumani msimu wa asparaga, mboga yao, wanaufunga 24 Juni, kwa kalenda. Yeye hana tarehe, ana upepo. Kusi likivuma, bahari inachafuka, mashua ndogo hazithubutu kutoka nje ya miamba, na samaki sokoni anakuwa haba na ghali. Basi hahangaiki naye. Anateremsha ng'onda aliyoianika mwenyewe wakati wa Kaskazi, anairoweka, anamwaga maji ya kwanza yaliyokolea chumvi, kisha anachambua miba kwa vidole, taratibu, huku akinihadithia nani kaolewa na nani kafa. Tui la kwanza anaweka kando. La pili linachemka na ukwaju na pilipili, ng'onda inaingia, na lile zito mwisho, moto mdogo, mwiko hautoki mkononi lisije likakatika. Hamburg nililipa pesa nzuri nifundishwe kuhifadhi chakula. Sijamwambia.

Sukari ilinishinda siku ya tatu. Mahamri, siku ya pili.

Embe nalo la kungoja Kaskazi. Kuna chupa moja ya achari iliyobaki juu ya kabati, imefika chini ya nusu, na mama anaigawa kwa kijiko cha chai. Jana nilichovya mara mbili. Leo chupa haipo mahali pake.