Sari ya Rangi ya Damu ya Mzee

Wiki ya sita baada ya kubadilishiwa valvu ya moyo, baba aliniuliza: "Mwanangu, kutoka hapa Madrasi mpaka Kanchi ni mbali?"

Mji ule wa India uliitwa Chennai tangu 1996, ila kwake ulibaki Madrasi. Baba ni fundi cherehani wa Tanga, mzaliwa wa Tongoni, na kabla ya safari hii ya matibabu ya mwaka 2019 hakuwahi kupanda ndege. Nikamuuliza Kanchi kaijulia wapi.

"Kuna nguo zinatoka huko," akasema, akageukia ukutani.

Tulikuwa tumepanga chumba karibu na Greams Road, mtaa uliojaa wagonjwa na wauguzaji kutoka kila upande: Wabangladeshi, Waomani, na sisi Watanzania tunaotambuana kwa mbali kwa kanga. Usiku, taa zikizimwa, niliisikia ile valvu ikigonga ndani ya kifua chake, tik, tik, kama saa iliyofunikwa na mto. Nilijizoesha kulala nikiisikiliza. Daktari alituruhusu kwenda kwa masharti: asinyanyue kitu, asipande ngazi nyingi, garini awe na mto wa kukumbatia kifuani, na saa mbili usiku awe amerudi kumeza kidonge chake cha kuzuia damu kuganda.

Tuliondoka kabla ya jua. Kanchi, yaani Kanchipuram, ni kilomita kama 75 kuelekea kusini-magharibi, na kutoka tu kwenye jiji lile kulitula muda mrefu. Aliyetutembeza alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye Kiingereza kizuri. Yeye alisema Kiingereza, mimi nikamfasiria baba. Yeye alimwita baba yangu "appa", ambalo ndilo "baba" kwa Kitamil, na mimi, mdogo kuliko binti zake, akaniita "amma". Kwetu pia binti huitwa mama, basi sikuona ugeni. Kofia ya baba ilimvutia, kofia ya viua aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe. Akaomba kuishika. Aligeuza ndani nje, akatafuta mafundo, hakuyaona, akairudisha kwa mikono miwili.

Tulianzia Kailasanathar jua likiwa bado changa. Hekalu hili alilijenga Narasimhavarman wa Pili, mfalme wa ukoo wa Pallava ambaye pia huitwa Rajasimha, mwanzoni mwa karne ya 8, zama ambazo Kanchipuram ulikuwa mji mkuu wao. Jiwe lake ni la mchanga, rangi kama ufuo maji yakishatoka, na limelika na mvua hata simba waliochongwa wamesimama kwa miguu ya nyuma wamepoteza pua. Uani umezungukwa na vijumba vya ibada 58 vilivyopangwa ukutani bega kwa bega. Ukichungulia ndani ya baadhi yake unakuta vipande vya lipu ya kale bado vina rangi, nyekundu na manjano na kijani kilichofifia.

Tulivua viatu, baba akabaki na soksi. Hakuuliza majina ya miungu. Alitembea taratibu kutoka kijumba hadi kijumba akitazama mavazi.

"Tazama marinda," aliniambia, kidole kikiwa shibiri moja kutoka kwenye jiwe bila kuligusa. "Aliyechonga hapa alijua nguo inavyolala pajani. Hapa kaivuta. Hapa kaiachia. Hii nguo ni nyepesi, ona inavyoshika goti."

Nilikuwa nimekwishapita pale mara mbili nisione goti lolote. Baba alinifundisha kushona tangu nina miaka tisa, na siku ile, akiwa na mshono mpya wa kifua chini ya shati, bado alikuwa ananifundisha.

Kuna njia nyembamba inayozunguka chumba cha ndani kabisa, ambayo mtu huingia kwa kutambaa na kutoka kwa kutambaa. Mwenyeji wetu alieleza kuwa waumini huona anayeipita ni kama aliyezaliwa upya. Nilipomfasiria, baba aliweka kiganja kifuani. "Mwambie mimi nimepitishwa mwezi uliopita," alisema, na hakuwa anatania. Kisha akapapasa ukuta wa nje na kuuliza mvua wanaizuiaje. Kwao Tongoni kuna gofu la msikiti na makaburi ya nguzo, mawe ya matumbawe, na utotoni alichunga mbuzi pale. Kila masika aliona kitu kimedondoka.

Ekambareswarar ni kitu kingine. Mnara wa lango lake, uliojengwa 1509 wakati wa mfalme Krishnadevaraya, unakaribia mita 60 kwenda juu, umejaa sanamu toka chini mpaka kileleni, na chini yake watu wanaingia kama wanaokwenda sokoni: wenye maua, wenye nazi, watoto walionyolewa vipara. Sisi si Wahindu, kwa hiyo hatukwenda mpaka mahali patakatifu. Tulikaa kwenye ukumbi mrefu wa nguzo, sakafu ya baridi, na mwenyeji wetu akatusimulia habari ya mwembe wa uani. Parvati, mkewe mungu Shiva, alikaa chini ya mwembe akiabudu alama ya Shiva aliyoifinyanga kwa mchanga. Mto ukafurika. Naye, badala ya kukimbia, akaukumbatia ule mchanga usichukuliwe na maji. Mpaka leo alama ile, inayohesabiwa kuwa ya ardhi, haioshwi kwa maji kama zinavyooshwa nyingine. Baba alisikiliza huku ameukumbatia mto wake, ambao alikataa kuuacha garini.

Saa sita mahekalu hufungwa hadi saa kumi alasiri. Tulikula kwenye mkahawa wa vyakula vya mboga tupu, juu ya jani la mgomba, na baba alishukuru kwamba hakukuwa na la kuuliza nyama imechinjwa na nani. Idli za Kanchipuram zina pilipili manga, bizari nyembamba na tangawizi. Alikula tatu. Tangu apasuliwe hakuwa amemaliza hata bakuli la uji.

Ndipo tukaingia kwenye duka la hariri. Tulikalishwa kwenye magodoro meupe, na kijana akaanza kutufungulia sari moja baada ya nyingine, anazirusha hewani zinashuka kama tanga linalotua. Akatueleza zari, neno lilelile tulilonalo sisi: uzi wa hariri uliozungushiwa waya mwembamba wa fedha, kisha ukapakwa dhahabu. Alikwangua kipande kidogo kwa kucha mpaka tukaona uzi mwekundu wa ndani. Halafu, ili tuamini kuwa hariri ni hariri, akachomoa uzi mmoja, akawasha kiberiti.

Hariri ikiungua hunuka nywele. Kijana akautandaza mkono atuoneshe jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Nilipogeuka kumfasiria baba, hakuwepo.

Nilimkuta kibarazani, ameketi kwenye ngazi, mto kifuani, jasho linamtoka. Nilidhani ni moyo. Nikashika mkono kutafuta mapigo.

"Si hayo," alisema. "Keti."

Akanieleza jambo ambalo katika miaka yangu yote dukani kwake sikuwahi kulisikia. Mwaka 1984 mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Madrasi aliyeolewa Tanga, alimletea sari ya harusi ya binti yake. Ilikuwa rangi ya damu ya mzee, pindo la kijani, zari upana wa kiganja. Alitaka ashonewe blauzi, na sari yenyewe itiwe kile kitambaa cha chini kwa ndani ili ianguke vizuri miguuni. Mama yule ndiye aliyemwambia jina la Kanchi. Alimwambia pia kwamba alimwekea binti yake sari ile tangu akiwa mchanga.

Umeme ulikuwa umekatika. Baba alitumia pasi ya mkaa. Cheche ikaruka na kuangukia ile ncha inayoning'inia begani, mahali kila mgeni wa harusi atapaona.

"Tundu kama punje ya mtama," alisema. "Na harufu. Duka zima likanuka kama kinyozi kachoma nywele."

Usiku kucha, kwa taa ya kandili, alichomoa nyuzi kwenye mabaki ya kitambaa cha blauzi na kulifuma lile tundu kwa sindano, uzi kwa uzi. Asubuhi hakupaona tena yeye mwenyewe mpaka atafute. Mama alipokuja, alilipa hela yote na kumletea ladu katika sahani ya bati. Baba hakusema neno. Baadaye familia ile ilihamia Kanada.

"Haki ya mja hiyo," alisema. "Mungu husamehe iliyo yake. Hii ya kwake yule mama, nani wa kunisamehe? Siku wananisukuma kuingia chumba cha upasuaji, ndiyo niliyokuwa naiwaza. Wala si nyie."

Sikujua la kujibu. Nilimfuta jasho kwa mtandio wangu.

Alichotaka ni kumwona mfumaji. Mwenyeji wetu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na bila shaka alielewa kwamba kuna jambo, hakuuliza. Alitupeleka kwenye kichochoro ambacho kila nyumba ilitoa mlio uleule, ko-ko, ko-ko. Ndani palikuwa na giza la kupoza macho. Mfumaji, mtu wa rika la baba, aliketi ukingoni mwa shimo, miguu yake ndani ikikanyaga mbao zinazopandisha na kushusha mtande, zile nyuzi zilizotandwa kwa urefu. Juu ya kichwa chake msururu wa makadi magumu yenye matundu ulizunguka. Matundu ndiyo yanayoamua nyuzi zipi zinyanyuke ili ua litokee. Pembeni alikaa kijana, mwanawe.

Niliuliza kijana anafanya nini. Jibu lake ndilo lililonifanya niielewe nguo yenyewe. Sari ya Kanchi ya asili haishonewi pindo wala pindo halipakwi rangi. Mwili wa rangi moja na pindo la rangi nyingine hufumwa pamoja, kwa vyombo vitatu vya kupitishia uzi: kimoja cha katikati, na viwili vya mapindo. Mkono mmoja hautoshi, kwa hiyo msaidizi hurusha cha upande wake. Pale rangi zinapokutana, mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana, wa mwili na mshindio wa pindo hushikana uzi kwa uzi. Namna hiyo wanaiita korvai. Nimeshona miaka ishirini na mitano na kila mapindo niliyopata kuyaona yanatatuka mahali palipoungwa. Nilipitisha kidole pale. Hapakuwa na mahali.

Uzi wa mtande ukakatika tukiwa tumesimama. Mfumaji alisimamisha kila kitu, akalowesha vidole, akasokota ncha mbili pamoja, akaendelea. Baba akasogea, akaketi sakafuni karibu naye, jambo ambalo hakupaswa kufanya, na kuniambia nimuulize: sari ikiungua nchani, tundu kama punje ya mtama, fundi mzuri hulifanyaje?

Maswali yakaanza kupita, kutoka kwa baba kuja kwangu, kwangu kwenda kwa mwenyeji wetu, kwake hadi shimoni, na kurudi. Nyuzi ulizitoa wapi? Kwenye kitambaa cha blauzi kilichofumwa pamoja nayo. Ulianza na upi? Mtande, kisha mshindio. Uliuacha mrefu kiasi gani kwa nyuma? Baba alionesha kwa ncha ya kidole. Mfumaji akatikisa kichwa kwa ile namna yao ya kukubali.

"Nami ningefanya hivyo," alisema.

Mkewe alikuwa mlangoni akizungusha uzi kwenye vijiti. Akatamka kitu kifupi bila kuinua macho. Mwenyeji wetu alisita. Nikamwomba aseme.

"Anasema, mama wa bibi harusi huona."

Nilimfasiria baba kama lilivyo. Aliinamisha kichwa. Ko-ko, ko-ko likaanza tena, na katikati ya mapigo, kwa kuwa nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, niliisikia valvu.

Hatukununua sari. Baba alinunua uzi, kibobini kimoja cha hariri rangi ya damu ya mzee, na mfumaji alikataa kupokea fedha mpaka baba alipoviweka vidole vyake juu ya noti.

Hekalu la mwisho, Varadharaja Perumal, baba hakushuka. Mimi nilienda mpaka kwenye bwawa. Chini ya maji yale wamehifadhi sanamu ya mungu Vishnu ya mbao za mkuyu, ambayo hutolewa mara moja kila miaka 40. Ilitolewa 1979, na mwaka uleule wetu ilitolewa tarehe 1 Julai, mamilioni ya watu wakaja kuiona, na tarehe 17 Agosti ikarudishwa majini. Tuliikosa kwa mwezi mmoja. Itatoka tena 2059.

Nilimweleza baba garini. Akahesabu kwa vidole, bila haraka.

"Kwa hiyo ile sari ilipokuwa mezani kwangu," alisema, "sanamu iko chini. Na miaka yote hii, iko chini."

Tukanyamaza mpaka taa za Chennai zikaanza kuonekana. Nilidhani amelala. Kidonge chake nilikuwa nimekishika mkononi tayari, pamoja na chupa ya maji.

"Nilisahau kitu," alisema. "Yule mama, alipokuja kuichukua, hakuiweka begani kuijaribu. Aliitandaza yote juu ya meza ya kukatia. Akapitisha kiganja toka mwanzo. Alipofika ile ncha, mkono ukasimama. Mimi nikasema moyoni, anaisifu zari. Akanitazama mikono yangu. Halafu akaikunja mwenyewe, ile ncha akaiweka ndani, akanisogezea sahani ya ladu."