Njia ya kurukia inayopanda mlima: namna ya kutua Lukla

Njia ya kurukia ya Lukla, kule Nepal, ina urefu wa mita 527 tu na iko futi 9,334 juu ya usawa wa bahari. Inapanda kwa asilimia 11.7, kwa hiyo ncha ya juu imeizidi ya chini kwa mita 60 hivi. Ncha ya juu imezibwa na mlima, ya chini inaishia kwenye korongo. Unatua ukipanda, unaruka ukishuka.

Anza na hesabu ya hewa. Kwenye kimo hicho joto la kawaida ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri. Asubuhi ya nyuzi 15 imezidi kwa 19, na hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo kila nyuzi iliyozidi ni kama kuongeza futi 120 za kimo. Ndege yako, basi, itafanya kazi kana kwamba iko futi 11,600. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) imeshapoteza karibu theluthi ya nguvu zake.

Kama kitabu cha ndege kinasema ukaribie kwa noti 75 (maili za baharini kwa saa), saa ya kasi isome 75 hata Lukla. Ardhi itakupita kwa karibu noti 90, na mwili mzima utakuambia unakimbia mno. Usipunguze! Saa inapima ile hewa inayobeba bawa. Macho yanapima ardhi. Anayepunguza kwa kuangalia chini huishiwa na kasi akiwa bado hewani.

Jicho linadanganya kwa namna nyingine pia. Umezoea njia tambarare, hivyo njia inayopanda inakufanya ujione uko juu mno. Unashusha pua, na kumbe unaelekea kwenye mwamba ulio chini ya ukingo. Chagua alama moja ndani ya njia, ng'ang'ania pembe yako ya kushuka, na tarajia hewa ikuvute chini karibu na ukingo. Mkono usitoke kwenye throtali, yaani wenzo wa nguvu za injini. Oktoba 2008 ukungu uliifunika ghafla Twin Otter moja, ndege ndogo ya abiria, ikiwa hatua ya mwisho ya kutua. Iligonga chini kidogo ya njia, wakafa watu 18 kati ya 19.

Ndiyo maana mahali pa kughairi panapangwa mapema, bonde likiwa bado na upana wa kugeuka. Ukishapapita, utatua tu.

Kunyanyua pua kabla ya kugusa nako ni tofauti. Unashuka nyuzi 3, njia inapanda karibu 7, kwa hiyo pua inazunguka nyuzi 10 na kasi inaliwa haraka. Ongeza nguvu kidogo wakati huohuo. Magurudumu yakigusa, mpando wenyewe unafanya kazi kubwa ya breki. Weka nguvu ya kutosha kufika juu kwenye maegesho, usije ukasimama katikati.

Kuruka kuna kanuni ya wote: nusu ya njia uwe na asilimia 70 ya kasi ya kuinukia, la sivyo ghairi. Kwenye mteremko wa Lukla siitegemei, maana breki hazitakusimamisha kabla ya korongo. Nguvu kamili ikaguliwe ndege ikiwa imeshikwa na breki, mafuta katika mchanganyiko wa mafuta na hewa yameshapunguzwa kulingana na kimo. Ruka asubuhi, kabla upepo wa bondeni haujaamka. Uzito ukizidi, teremsha mizigo kwanza, kisha upige hesabu upya.