Chumba baridi, shuka mbichi: hatimaye unyevu umeshuka

Unyevu wa chumba cha kulala umeshuka chini ya asilimia 60 na kubaki hapo usiku mzima, katikati ya masika, hapa Msasani, Dar es Salaam, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Wanaofuatilia mradi huu wanaifahamu hali ilivyokuwa: kiyoyozi kinaleta baridi ya kutosha, kipimo kinasoma nyuzi 24, lakini shuka zinabaki mbichi, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini, na unyevu unarudi kwenye asilimia 75 kila mara.

Mafundi walioitazama mashine walitaka kuongeza gesi, nami sikukubali. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari; ikipungua, ujue kuna mahali inapovuja. Mashine ambayo koili yake, yaani mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa, inalowa sawasawa kuanzia juu hadi chini, na ambayo inapoza chumba kwa muda mfupi, haina dalili za upungufu huo. Inanikera kuona geji ya kupimia gesi ikifungwa kwenye valvu kabla mtu hajaondoa hata mfuniko wa mbele kutazama koili.

Kilichoninyima usingizi ni umbo la grafu. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ikiwa inafanya kazi, unyevu ulishuka taratibu hadi asilimia 64. Kompresa ilipozima, kabla joto halijapanda hata nusu nyuzi, unyevu uliruka hadi 75 ndani ya dakika chache. Kama tatizo lingekuwa hewa ya nje inayopenya kwenye madirisha, unyevu ungepanda polepole na joto lingepanda pamoja nao. Maji yale yalikuwa yanatoka mahali karibu zaidi.

Niliondoa mfuniko nikamulika koili kwa tochi. Wakati kompresa inanguruma, matone yalikuwa yamening'inia kati ya mapezi ya aluminiamu, yakikua na kuteleza hadi kwenye trei. Kompresa ilipozima feni iliendelea kupuliza, na matone yaleyale yakaanza kusinyaa yakiwa palepale, huku mpira wa kutolea maji nje ukiacha kabisa kudondosha. Kiyoyozi kilikuwa kinakamua maji hewani kisha kinayarudisha chumbani.

Hesabu inakubaliana na nilichokiona. Chumba changu kina takriban mita za ujazo 40, na kwa nyuzi 24 hewa iliyoshiba kabisa hubeba kama gramu 22 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo gramu 100 tu za maji, ambazo hazifiki nusu kikombe cha chai, zinatosha kupandisha unyevu kwa pointi 11, na koili ya ukubwa huu huhifadhi kiasi hicho bila shida.

Ukubwa wenyewe ndio mzizi wa tatizo. Mashine ina nguvu ya kupoza ya BTU 18,000, si inverter (yaani kompresa yake haiwezi kupunguza kasi, huwaka au kuzima tu), na imefungwa katika chumba ambacho BTU 9,000 zingetosha. Inafikia nyuzi zilizopangwa haraka mno, hivyo kompresa inazima wakati koili ndiyo kwanza imelowa na maji hayajaanza kutiririka vya kutosha kwenda nje.

Nilikuwa nimepanga kubadilisha sponji ya bomba la shaba, ambayo imechakaa kwa jua na chumvi ya bahari, lakini kazi hiyo nimeiweka kando baada ya kupata wazo la kuitawala feni. Hali ya kukausha iliyo kwenye rimoti inapunguza feni vizuri, ila chumba kinakuwa baridi kupita kiasi. Nimetumia ESP32, bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu, yenye taa ya infraredi inayoiga rimoti: joto likifika, inazima mashine yote pamoja na feni; unyevu au joto likipanda, inaiwasha kwa kasi ndogo ya feni, na hairuhusu kompresa kuwaka tena kabla ya dakika tano kupita. Ule mruko wa unyevu kwenye grafu umetoweka.

Kuhusu sensa ya kupima unyevu, sipendekezi aina ya DHT11 kwa kazi hii, kwa kuwa inaweza kukosea kwa asilimia 5 na ni nzito kufuata mabadiliko. Aina ya SHT31 ina bei zaidi, lakini inastahili kila shilingi. Yoyote utakayonunua Kariakoo, ipime kwanza: funga sensa ndani ya mfuko usiopitisha hewa pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi ya mezani iliyoloweshwa hadi kuwa kama uji mzito, isubiri kwa saa kadhaa, nayo inapaswa kusoma karibu na asilimia 75.

Jambo moja bado linahitaji uangalizi, kwamba koili inayoachwa na maji bila upepo inaweza kuota ukungu na kutoa harufu. Kwa hiyo asubuhi, chumba kikiwa hakina mtu na dirisha likiwa wazi, bodi inawasha feni peke yake kwa nusu saa. Kazi inayofuata ni kuziba kwa silikoni tundu la ukutani yanapopitia mabomba, kisha nitapima maji yanayoingia kwenye ndoo kwa usiku mmoja, kabla na baada ya kuziba.