Kusi la Mwaka Huu

Nina miaka 54, na kusi hili, msimu wa upepo wa kusini, ninapanda mawimbi kwa ubao vizuri kuliko la mwaka jana. Nalisema wazi kwa sababu ni furaha kubwa kwangu. Umri huu wengi wetu, wanawake hasa, tunahimizwa kupunguza: punguza kubeba, punguza safari, keti upumzike. Mimi nimeongeza.

Malindi yenyewe imenisaidia. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na matumbawe, mawimbi hupasukia huko nje na maji hufika ufuoni yametulia. Lakini ghuba iliyo mbele ya mji hupokea tope la Mto Sabaki, na matumbawe hayastawi kwenye tope. Basi njia iko wazi, na Julai na Agosti, kusi likiwa limekolea, mawimbi huingia mpaka mchangani. Maji ni ya kahawia, hayapendezi kwenye picha, ila chini ni mchanga mtupu. Kwa mtu wa rika langu hilo si jambo dogo: nikianguka, naangukia mahali laini.

Ubao wangu ni wa futi 9, mpana, wa sponji. Vijana wanapenda mifupi inayogeuka upesi. Mrefu huelea vizuri na hulishika wimbi mapema, kabla halijawa mwinuko mkali, kwa hiyo napata nafasi ya kusimama bila papara. Zoezi la kusimama nalifanya nyumbani, juu ya mkeka: nalala kifudifudi, nasukuma kwa mikono, naleta mguu wa kushoto mbele. Jioni, nikingoja chai ichemke, nasimama kwa mguu mmoja. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na mizani angalau siku 3 kwa wiki. Sioni kwa nini ningoje nifike huko.

Kijana anayenifundisha hasemi mengi. "Mama, macho mbele. Miguu itafuata." Namjibu, "Haya, mwanangu," na kweli, siku ninayoyainua macho, magoti yanalegea yenyewe.

Lakini kilichonivusha hasa ni kuijua bahari. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa mshipi, nami nilikulia kwenye mazungumzo ya bamvua na maji mafu bila kudhani yatanifaa siku moja. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa na kutoka kwa zaidi ya mita 3. Pale mawimbi yanapopasukia panahama haraka. Unakaa mahali pazuri, mara pameshaondoka, nawe umebaki kupiga makafi kwa mikono ukikifuata kina. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayaendi mbali. Wimbi hurudia kupasukia karibu pale pale kwa muda mrefu, na mtu asiye na mabega ya miaka 20 anaweza kuketi juu ya ubao wake, akatazama, akachagua.

Kwa hiyo sasa nachagua. Nakwenda alfajiri upepo haujashika kasi, mawimbi yapitayo mwanzo nayaacha, nalitaka lile linaloanza kupasuka upande mmoja tu. Wiki hii nilipata moja kama hilo. Nikasimama, nikaelekea kulia, na wimbi likawa linafunguka mbele yangu huku povu likinifuata nyuma. Nilipiga kelele. Wavuvi waliokuwa wanavuta jarife wakapiga kelele nao.

Kilichobaki ni kushoto. Kwa jinsi ninavyosimama, nikienda kushoto wimbi linakuwa mgongoni, silioni, na mwili unakataa kuegemea lisipoonekana. Kijana anasema nigeuze mabega kwanza, kisha kiuno. Maji mafu yajayo yanaangukia karibu na siku ya 8 ya mwezi mwandamo, na nimeshamwambia kwamba wiki hiyo yote hatutapanda hata wimbi moja la kulia.