Kila Mtu kwa Kadiri ya Ulaji Wake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii katika jumuiya yetu hapa Moshi, mama mmoja aliyeshauriwa na daktari kupunguza uzito kwa sababu ya presha na sukari alituomba tumwombee, na ombi lake lilikuwa fupi: Mungu amwondolee njaa. Sote tuliitikia amina, lakini ombi lile halijanitoka moyoni, kwa kuwa mimi pia ninapambana na sahani ya usiku na ninaijua hamu ya kuomba namna hiyo.

Njaa si pepo wa kukemewa. Bwana wetu mwenyewe, baada ya kufunga siku arobaini, aliona njaa. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo grelini, inayoupasha ubongo habari kwamba chakula kinahitajika. Mafuta ya mwilini nayo hutoa leptini, inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mtu anapopungua uzito, leptini hushuka na grelini hupanda, kwa maana mwili hujitahidi kukirudisha kile unachoona umenyang'anywa. Basi dada anayepunguza chakula na kuona njaa imezidi hajapungukiwa na imani, na anayemwambia kwamba hana kiasi kwa sababu hajamwachia Bwana tumbo lake anamtwika mzigo ambao Bwana hakumtwika.

Ombi ninaloliona kuwa jema zaidi ni kuomba tuielewe njaa yetu. Mama anayemsikia mtoto akilia hamtii titi kinywani kila mara. Hutazama kwanza kama amelowa, kama ana usingizi, au kama kweli anataka kunyonya. Mithali 27:7 inatupa kipimo kizuri: kwa mwenye njaa, hata kilicho kichungu huwa kitamu. Saa tatu usiku, nikiwa nimekwisha kula, ninajiuliza kama ningekubali bakuli la kiburu kilichopoa, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, au mboga ya mnafu isiyo na nazi. Nikikubali, huenda ni njaa kweli, na nile kwa shukrani. Lakini moyo ukikataa hivyo vyote na kutaka andazi tu, hapo kuna jambo jingine linalodai kusikilizwa, nalo mara nyingi ni uchovu, au hofu ya ada ya shule, au upweke wa nyumba ambayo watoto wamekwisha kuondoka.

Mkumbukeni nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, amechoka hata akajiombea kufa. Malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili. Wengi wetu tunamnyima mwili usingizi, na mwili usiolala vya kutosha huongeza njaa, hasa ya vitamu na vya mafuta, kisha tunatubu andazi ambalo tungeliepuka kwa kulala mapema. Na tunapokula, tule taratibu, kwa kuwa habari ya shibe huchukua kama dakika 20 hivi kufika ubongoni, na mtu aliyemaliza sahani kwa dakika tano huomba nyongeza kabla habari hiyo haijafika.

Hapa niseme na sisi wenye nyumba, na mniwie radhi, kwa maana jambo hili linatuhusu sana Wachaga na majirani zetu. Mgeni akisema ameshiba tunaongeza kijiko cha pilau, tunamfungulia soda nyingine, na akikataa tunanuna kana kwamba amekataa upendo wetu. Soda moja ya mililita 350 mara nyingi huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa ingefaa isizidi takriban gramu 25 kwa siku. Tunamwombea dada yetu apone sukari, kisha tunamlazimisha kuinywa! Akipungua kilo chache, tunamwuliza mbele za watu kama anaumwa, na minong'ono inaanza. Ndugu zangu, hilo si pendo. Jangwani Israeli waliokota mana kila mtu kwa kadiri ya ulaji wake, aliyekusanya vingi hakuzidishiwa wala aliyekusanya vichache hakupungukiwa, na hatusomi popote kwamba jirani alisimama juu ya kikapu cha mwenzake akimwongezea.

Kufunga nako ni kwema, ila anayetumia dawa za sukari azungumze na daktari wake kwanza, kwa maana sukari inaweza kushuka ghafla na kumwangusha.

Jumuiya ya wiki ijayo itakuwa nyumbani kwangu. Kutakuwa na machalari ya ndizi, maharage, mboga za majani, na maji yatakaa mezani mahali ambapo huwa tunapanga soda. Kila mmoja atajipakulia mwenyewe, na nimewaomba watoto wangu wasimwongezee mtu yeyote ambaye hajaomba. Kisha tutamwombea tena mama yetu, safari hii tukimwomba Bwana ampe usingizi mzuri na ujasiri wa kusema, bila kuona haya, kwamba ametosheka.