Siku yangu ya kufumua: kutoka belo la Mwanjelwa hadi kwenye sindano

Saa 11:00 alfajiri

Julai ya Uyole, hapa Mbeya, haina huruma. Maji yaliyolala nje kwenye ndoo yanauma vidole, na ukungu umeshuka hadi kwenye migomba ya jirani. Nawasha jiko la mkaa uani, nabandika chai, halafu natoa lile gunia langu tupu. Leo ni siku ya soko.

Kazi yangu ni kufuma. Nafuma masweta ya watoto, kofia, soksi na vizibao vya wazee, na sehemu kubwa ya uzi ninaotumia hainunuliwi dukani. Nanunua masweta ya mtumba, nayafumua, nafua uzi wake, naufuma upya. Wateja huniuliza kwa nini nijisumbue wakati uzi mpya upo. Upo, ila ninaoukuta madukani karibu wote ni akriliki, uzi wa jamii ya plastiki. Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka mitatu alikuwa akiota moto, mkono wa sweta lake ukagusa jiko. Ule uzi uliyeyuka ukamnata kwenye ngozi. Kovu analo mpaka leo. Sufu haiyeyuki. Inashika moto kwa shida, na mara nyingi ukiiondoa kwenye moto inazimika yenyewe. Tangu siku ile mtoto mdogo simfumii akriliki, na kwa mfuko wangu, sufu naipata kwenye mtumba tu.

Saa 1:00 asubuhi, Mwanjelwa

Daladala imejaa hadi mlangoni. Tunapita Nane Nane, tunapita Sae, nashuka wakati wachuuzi wanakata kamba za mabelo. Wanaotafuta nguo ya kuvaa wanaangalia rangi na mtindo. Mimi nageuza sweta nje ndani na kwenda moja kwa moja kwenye mshono wa ubavuni.

Mshono ninaoutaka ni ule unaounganisha kingo mbili safi. Sweta la namna hiyo lilifumwa kipande kwa kipande, kila kimoja kwa umbo lake: kwapani vitanzi vimepunguzwa taratibu, shingoni vivyo hivyo. Ukikata uzi ulioviunganisha, vipande vinaachana vikiwa vizima, na uzi wa kila kipande unatoka mrefu bila kukatika. Mshono nisioutaka ni wa ovaloki, zile nyuzi zilizozungushwa ukingoni kama kwenye fulana. Hilo lilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kipana, kwa hiyo kila mstari umekatwa huku na huku. Ukilifumua unabaki na vipande vifupi vifupi visivyofuma chochote. Hata likiwa sufu tupu na zuri kama la harusi, nalirudisha kwenye fungu.

Baada ya mshono nalinyanyua kwenye mwanga nitafute matundu ya nondo, maana tundu dogo kama punje ya mtama linaweza kukata mistari miwili mitatu. Navuta kitambaa kidogo nione kama vitanzi vinafunguka. Sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto linagandamana likawa kama blanketi, na hilo halifumuki tena hata ulibembeleze. Yenye manyoya marefu marefu nayaogopa pia, kwa sababu manyoya yanashikana na kila hatua uzi unakwama.

Nimepata manne. Moja la kahawia ni la mwanamume mkubwa sana, na mchuuzi ameniachia kwa Sh 3,000 huku akishukuru.

"Dada, hili limekaa hapa wiki mbili, hakuna mtu wa kulijaza."

Nimelipakata kama mtoto. Kwake halina mnunuzi, kwangu ni karibu gramu 600 za uzi. La pili ni la kijani, mengine mawili ni madogo, rangi ya maziwa.

Saa 4:00 asubuhi, nyumbani

Kwanza moto. La kahawia halina lebo, kwa hiyo nanyofoa uzi kidogo kwenye mshono na kuugusisha njiti ya kiberiti. Harufu ya nywele zilizoungua, na majivu meusi yanayosagika vidoleni: sufu. Yale ya maziwa nayo ni sufu. La kijani nalo ni sufu, lakini hapo nimekutana na kosa langu. Sokoni nilikagua mbavu tu, sikugeuza mikono. Mbavu ni safi, mabega na mikono ni ovaloki. Maana yake kuanzia kwapani kwenda juu uzi wote umekatwakatwa. Nitaokoa kiwiliwili cha chini. Kilichobaki kitajaza mito, lakini nimesikitika, kwani ile rangi ya majani ya chai nilikuwa nimeshamwona mtoto wa kuivaa.

Nakaa mlangoni penye mwanga na wembe na mkasi mdogo. Mshono una upande mmoja unaofanana na mnyororo. Ukikata kitanzi sahihi na kuvuta, unafunguka wote kwa mkupuo kama mdomo wa mfuko wa sukari. Ukikosea, unakata kitanzi kimoja kimoja na jua linakwenda. Natenganisha mikono, natoa kola, halafu natafuta mwisho wa uzi begani. Sweta kama hili lilifumwa kutoka chini kwenda juu, basi lazima lifumuliwe kutoka juu kwenda chini. Nimepoteza masaa mengi ya ujana wangu kabla sijalijua hilo, nikivuta kwenye pindo na kushangaa uzi umekaza.

Binti yangu yuko likizo. Mimi nafumua, yeye anazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Sauti ya kufumua naipenda kupita kiasi, ule mlio mdogo mdogo wa vitanzi vinavyoachia. Uzi ukijaa tunaufunga kwa kamba za rangi nyingine sehemu nne, bila kukaza, ndipo tunautoa kitini. Umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa leo leo kutoka kwenye mabutu, na dawa yake ni ileile ya nywele: maji.

Saa 7:00 mchana

Ugali na maharage, haraka. Kisha beseni, maji ya uvuguvugu na shampuu kidogo, maana sufu ni nywele za kondoo. Naulaza uzi ndani, naubonyeza, siusugui. Kusugua, au kuutoa kwenye maji ya moto na kuutia ya baridi ghafla, ndiko kunakogandamanisha. Baada ya nusu saa naukamua kwa taulo na kuutundika kivulini, kwa chini nimening'iniza chupa yenye maji kidogo ili unyooke. Zamani nilikuwa naning'iniza jiwe. Uzi ulinyooka kweli, ila ulipoteza ule mvutiko wake, na soksi nilizofuma zikalegea miguuni kabla ya wiki.

Saa 9:00 alasiri

Mzee mmoja wa mtaa wa juu ameingia na mfuko mkononi. Ndani mna sweta lake la sufu ya buluu, viwiko vimetoboka kabisa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe unalifufua."

Nalipima kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 480. Mikono yote miwili imeisha, siwezi kumrudishia sweta zima. Namwonyesha kwa kidole: mbele na nyuma uzi wake bado una nguvu, unatosha kizibao cha kola ya V, na pale palipobaki uzi wa mikono mzima nitatengeneza kofia. Ameshika kitambaa kwa muda bila kusema. Kisha ameuliza kitu kimoja tu, kama rangi itabaki ileile. Itabaki, babu. "Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, akaondoka bila mfuko wake.

Sitaki kulianza hili leo nikiwa nimechoka. La soko likiharibika nanunua jingine. Hili halina jingine.

Saa 11:00 jioni

Wateja wawili, mmoja amechukua kofia, mwingine amekuja kupima mtoto. Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yanakaribia, nataka kufikia tarehe 8 Agosti niwe na masweta 12 ya watoto ya kupeleka viwanja vya John Mwakangale. Sasa ninayo saba.

Saa 1:30 usiku

Uzi wa maziwa wa wiki iliyopita umekauka vizuri. Ni mwembamba, wa mashine za kiwandani, kwa hiyo naushika nyuzi tatu pamoja na sindano namba 4. Kabla ya lolote nafuma kipande cha kipimo, upana wa kiganja, nahesabu vitanzi. Uzi uliofumuliwa hauji na maelekezo, lazima uuulize wenyewe.

Mahali uzi ulipokatika sifungi fundo. Naachanisha ncha mbili, nazilaza moja juu ya nyingine, nazilowesha, halafu nazisugua katikati ya viganja mpaka vipate moto. Zinagandamana zikawa uzi mmoja. Kilekile kinachoharibu sweta kwenye beseni ndicho kinachoniunganishia hapa, na ukipitisha kidole husikii kiungo. Binti yangu ameomba ajaribu. Mara ya tatu imeshika, akaivuta kwa nguvu zake zote, haikuachia.

Nilikuwa mstari wa 22 umeme ulipokatika. Nimeendelea gizani, maana kiwiliwili ni mistari ya kawaida na vidole vinaijua. Nimesimama tu nilipofika kwapani, pale vitanzi vinapoanza kupunguzwa, nikachomeka sindano kwenye donge la uzi.