Nilimgonga kulungu usiku, asubuhi akaja mbwa

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, natoka shifti ya jioni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kama saa tano kasoro usiku, barabara ya msituni huku Solling, kusini mwa Niedersachsen, Ujerumani. Mvua ya manyunyu, majani yamejaa kwenye lami yanateleza. Nilikuwa naenda polepole maana wenzangu kazini walishanionya kwamba kipindi hiki cha vuli wanyama wanavuka sana, hasa giza likiingia na alfajiri. Nikaona tu kitu cha kahawia upande wa kulia, nikakanyaga breki, puu. Nimeshuka na tochi ya simu, mkono unatetemeka, taa ya kulia imepasuka, kwenye bampa kuna kishungi cha manyoya, na mnyama mwenyewe hayupo.

Nikapiga polisi, huku ni lazima upige, wakaja, wakanipa karatasi ya bima, wakafunga utepe kwenye nguzo pale pale nilipomgonga. Nikawauliza je na yeye mnyama? Wakasema usiingie msituni, mwindaji wa eneo hili ameshapigiwa simu, atakuja na mbwa kukipambazuka. Kukipambazuka! Mi nikaona kama ukatili, mnyama yuko humo ndani amevunjika halafu watu wanakwenda kulala. Sikulala usiku ule, kweli tena.

Hapa niseme kidogo kuhusu jina. Nasema kulungu kwa sababu ndo neno tulilozoea, lakini kulungu wa kwetu ni mwingine, hawa wa huku dume anaota mapembe, yanaanguka kila mwaka halafu yanaota upya. Jina lao hasa ni ayala, ambalo wengi wetu tunalisikia kanisani tu. Niliyemgonga mimi ni wale wadogo wanaoitwa Reh, ukubwa wake kama mbuzi. Kuna wakubwa wale wekundu, dume anaweza kupita kilo 150, na kuna nguruwe pori, hao ni habari nyingine kabisa.

Saa mbili asubuhi nikarudi pale kwenye utepe, nikamkuta mzee mmoja na gari lake la zamani. Alikuwa bwana misitu, amestaafu. Nyuma ya gari amelala mbwa mwekundu mwenye michirizi myeusi, uso mweusi, masikio yamening'inia, paji la uso limekunjamana utadhani ana madeni. Anaitwa Alma. Aina yake ni mbwa wa Hannover, na Kijerumani chake ukikitafsiri neno kwa neno ni "mbwa wa jasho", maana kwenye lugha ya wawindaji wa huku damu ya mnyama inaitwa jasho. Hawa mbwa wana chama chao, Verein Hirschmann, kipo tangu 1894, na hupewi mbwa hivihivi kwa sababu una hela, lazima uwe mwindaji na uonyeshe utamfanyisha kazi hii.

Mi nilikulia Mbulu. Mbwa wetu walikuwa wa kienyeji, kazi yao kubwekea fisi usiku, wanakula makombo ya ugali, basi. Kwa hiyo nilitegemea mzee amfungulie Alma, akimbie, abweke, tumfuate mbio. Wapi! Mzee alimwacha kwenye gari, akapiga magoti kwenye majani yenye maji, karibu nusu saa anatafuta kwa vidole. Akaniita, akanionyesha kipande cha mfupa, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kimelala juu ya jani ng'ambo ya mtaro. Akasema mguu, wa mbele. Kama ingekuwa mapafu, damu ingekuwa nyekundu ya kung'aa ina povu. Ini, damu nzito nyeusinyeusi. Tumbo, unaona majimaji ya kijani na majani yaliyotafunwa, na harufu yake unaijua. Mfupa wa mguu, hapo jiandae kutembea, kwa sababu mwenye miguu mitatu anakwenda kilomita na kilomita.

Ndo akamshusha Alma, akamvalisha kola pana ya ngozi na kamba ndefu ya mita 10. Yule mbwa aliyekuwa amelala kizembe alibadilika nikiwa namwangalia. Pua chini, mkia umenyooka, hatua ndogondogo, hakuna kubweka hakuna kuvuta kwa fujo. Mzee nyuma, kamba inapita mkononi, mimi nyuma ya mzee nimebeba begi. Tumeenda labda mita 200 mi sioni damu hata tone, moyoni nasema hapa tunafuata hewa. Alma akasimama. Akaweka pua kwenye jani la kimbugimbugi, hakusogea. Mzee akainama, akanionyesha, tone moja la damu, kavu, kama punje ya dengu, upande wa chini wa jani. Upande wa chini jamani! Akamshika kichwa, akamwambia neno moja kwa sauti ya chini, tukaendelea.

Baadaye mzee alinielewesha kwamba mbwa hafuati damu peke yake. Kulungu ana tezi katikati ya kwato, kila hatua anaacha harufu yake mwenyewe ambayo si ya mwenzake, na aliyeumia harufu yake inabadilika, ongeza na majani na udongo uliokanyagwa. Ndo maana mbwa mzuri anaweza kufuata pale ambapo hakuna tone hata moja, na hata makulungu wengine wazima kumi wakikatiza hapo juu ya njia yake, anabaki na yule yule wa jana.

Kwenye kijito Alma alipoteza. Mzee hakusema kitu, alisimama tu kama mti, akaachia kamba, mbwa akazunguka mwenyewe, akarudi nyuma, akazunguka tena kwa upana, halafu akavuka na kuingia kwenye misonobari michanga iliyobanana mpaka unatambaa. Humo ndo kulungu akainuka mbele yetu kwa miguu mitatu, wa nne unaning'inia. Mzee akamfungua Alma. Ndo mara ya kwanza kusikia sauti yake, ilikuwa nzito, inakwenda mbali, inapinda kushoto, halafu ikakaa sehemu moja. Mzee alikimbia, mzee wa miaka zaidi ya sabini, mi namfuata matawi yananichapa usoni, tukamkuta Alma amemshika chini, na mzee akammaliza papo hapo. Toka barabarani ilikuwa kama mita 700. Mzee akakata kitawi cha msonobari akamwekea kulungu mdomoni, wanaita tonge la mwisho, kingine akakichomeka kwenye kola ya Alma. Akavua kofia. Nilisimama pale machozi yananitoka na sikuona aibu.

Toka siku ile, miaka mitatu sasa, nikiwa off naenda naye. Mi sina leseni ya kuwinda, nabeba begi, nashika tochi, nafunga vipande vya karatasi nyeupe kwenye matawi kila Alma anapoonyesha damu, ili tukipotea turudi kwenye alama ya mwisho. Mzee hatozi hela, mtu akimpa ya mafuta anapokea, asipompa hasemi.

Na lile la kusubiri mpaka asubuhi nimelielewa, japo ndo gumu kuliko yote. Mnyama aliyepigwa tumboni ukimwacha anakwenda kidogo, analala, mwili unakakamaa, na mara nyingi hapo hapo ndo anaishia. Ukimfuata baada ya dakika kumi na tochi yako anainuka, anakwenda kilomita tatu kwa hofu, na damu imeshakata. Masaa manne, mengine zaidi, lazima ukae. Kumbe hata Wahadzabe kule Eyasi, majirani zetu kabisa, ndo wanavyofanya, akishampiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu hamkimbilii, anaacha sumu ifanye kazi, halafu ndo wanafuata nyayo. Nilimweleza mzee hilo akafurahi sana, akataka nimwambie yote ninayojua, ikabidi nimpigie baba kumuuliza.

Sasa niseme linaloniuma. Sheria ya uwindaji ya huku inasema wazi kwamba mnyama aliyejeruhiwa lazima amalizwe bila kuchelewa ili asiteseke bure, na mwindaji mwenye adabu anajua ukishapiga risasi, hata kama unaamini umekosa, unaita mbwa akague. Lakini wapo wanaoangalia pale, hawaoni damu, wanasema nimekosa, wanakwenda nyumbani kula. Kulungu aliyepigwa taya hatoi damu nyingi, anakimbia vizuri kabisa, na hawezi kula tena. Anakufa njaa msituni, siku nyingi, mdomo umevunjika. Mzee akisimulia hao anaangalia pembeni. Wengine wanaona aibu kupiga simu kwa sababu majirani watajua amepiga vibaya, kwa hiyo wanaingia wenyewe watu wanne na mabuti, wanakanyaga kila mahali, wanasambaza damu kwa soli, halafu siku ya pili ndo wanaita mbwa, mbwa anakuta uchafu mtupu. Aibu gani hiyo inayozidi mateso ya kiumbe?

Na sisi tumewahi kukosea. Mwaka juzi aliitwa kwa ajili ya jike la wale wekundu. Mwindaji anaapa kwamba limekimbilia kushoto, ameliona kwa macho yake, mpaka kwenye mti fulani. Alma akashika kulia. Mzee akamrudisha. Akaanza tena, akashika kulia, anageuza kichwa kumwangalia mzee. Yule bwana akasema kwa sauti kwamba mbwa wako amechoka, mimi nimeona. Na mzee, kwa heshima, maana alikuwa kwenye eneo la mtu, akamrudisha mara ya pili na kumpeleka kushoto. Tulitembea mpaka jioni, hakuna kitu. Siku ya tatu kunguru ndo walioonyesha. Jike lilikuwa kulia, mita 400 tu toka lilipopigiwa, na lile eneo lililolala lilionyesha wazi halikufa siku ile ya kwanza. Kuna majani lilikuwa limeyachimba kwa mguu, duara zima, mpaka udongo.

Mzee hakuongea njia nzima. Tulipofika kwake, akakaa kwenye buti la gari pembeni ya Alma, akasema, "Aliniambia mara mbili." Basi. Na toka hapo mtu akisema limekwenda kushoto mzee anamsikiliza, anamshukuru, halafu anaangalia mbwa.

Alma ana miaka tisa sasa, vifundo vimeanza kumsumbua, kwa hiyo mwaka jana mzee alileta mtoto wa mbwa, Bruno, na kazi ya kumfundisha nimepewa na mimi. Tunatumia viatu maalumu, soli yake imefungwa kwato za kulungu halisi, unavaa unatembea msituni huku unadondosha damu kidogo kidogo toka kwenye chupa. Kuna mtihani wa njia ya mita 1000 yenye kona, damu robo lita tu kwa njia nzima, na inalala masaa 20, kuna wa ngazi ya juu masaa 40. Robo lita ni glasi moja, imwage kwa kilomita moja halafu uje kesho yake uitafute. Mwanzoni nilikuwa naweka damu nyingi namhurumia, mzee akanikataza, akasema unamfundisha uvivu, siku ya kulungu wa kweli nani atamwekea?

Nafurahi nikisikia hata kwetu pua za mbwa zinaheshimiwa, kule Amboseli chini ya Kilimanjaro shirika la uhifadhi la Big Life wana mbwa wanaofuata nyayo za majangili, kamba hiyohiyo, subira hiyohiyo. Nikija likizo nataka nikawaone.

Leo saa saba mchana nimevaa vile viatu nikatembea mita 800, nimepita kwenye kile kijito Alma alikopotezea siku ya kwanza, nikaweka kona mbili, na mwisho nimeficha kipande cha ngozi chini ya msonobari. Kesho saa tatu asubuhi masaa 20 yatakuwa yametimia. Mvua imeanza saa kumi na haijakata mpaka sasa, nimempigia mzee kumuuliza kama tuahirishe, akasema Bruno hajui kama kuna mvua, lala mapema.